Je, Wajua? Geuza Santuri Usikie Upande wa Pili

Je, wajua kwamba baadhi ya vibao vilivyotikisa dunia viliwekwa kwenye santuri ili kujaza nafasi tu? Santuri ndogo ya inchi 7 ina pande mbili. Upande wa A ndio kampuni iliouwekea matumaini na fedha za matangazo. Upande wa B ulikuwa nyongeza. "Rock Around the Clock" ya Bill Haley ilitoka mwaka 1954 ikiwa upande wa B, ikaja kuinuliwa mwaka uliofuata na filamu ya Blackboard Jungle. "The Lion Sleeps Tonight" ya The Tokens, 1961: upande wa B. "I Will Survive" ya Gloria Gaynor, 1978: upande wa B, nyuma ya wimbo uitwao "Substitute" ambao leo wachache wanaukumbuka. Wapiga santuri wa madisko ndio walioigeuza sahani ile, na umma ukawafuata. Kwa hiyo ukikuta kisanduku cha santuri kuukuu mahali, usisome upande mmoja ukaridhika.

Je, wajua kwamba wimbo wa Kiafrika uliowasha moto madisko ya New York ulizaliwa kwa sababu ya mpira wa miguu? Mwaka 1972 Cameroon iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Manu Dibango, mpuliza saksafoni aliyekuwa akiishi Ufaransa, akatunga wimbo wa kuishangilia timu ya nyumbani. Huo ukawa upande wa A. Upande wa pili akaweka kitu alichokipenda mwenyewe, "Soul Makossa". Cameroon haikutwaa kombe. Congo-Brazzaville ndiyo iliyolichukua, na wimbo wa mpira ukasahaulika. Lakini nakala chache zilivuka bahari hadi Brooklyn, kwenye duka la wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, na huko David Mancuso, aliyekuwa akifanya dansi za usiku nyumbani kwake New York, akainunua moja. Akaipiga. Kisha Frankie Crocker akaipiga redioni WBLS, na mji mzima ukaanza kuitafuta santuri isiyokuwepo madukani. Bendi za Marekani zikakimbilia studio kurekodi nakala zao za haraka kabla ya kampuni ya Atlantic kupata haki ya kuiuza ile halisi mwaka 1973. Miaka kumi baadaye kiitikio chake kikasikika ndani ya wimbo wa Michael Jackson, na Dibango ikabidi adai haki yake. Alidai tena baada ya Rihanna kukitumia mwaka 2007.

Na huo mwingine, wa simba aliyelala? Je, wajua kwamba ulianzia Johannesburg mwaka 1939, kwa sauti ya Solomon Linda na kikundi chake cha Evening Birds, ukiitwa "Mbube"? Linda alikuwa kibarua katika kampuni hiyohiyo ya Gallo iliyomrekodi, na haki za wimbo ziliondoka mikononi mwake kwa shilingi kumi. Sahani ilisafiri hadi Marekani, ikafika kwa Pete Seeger, naye akaimba kile alichokisikia: "Wimoweh". The Tokens wakaongeza maneno ya Kiingereza, na dunia ikaimba. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Binti zake walipata suluhu ya kisheria mwaka 2006, zaidi ya miaka arobaini baada ya baba yao kuzikwa. Kila ninapoishika santuri ya The Tokens naangalia kwanza mabano yaliyo chini ya jina la wimbo, pale yanapoandikwa majina ya watunzi. Hapo ndipo mtu alipokula, au alipolala njaa.

Je, wajua kwamba "Malaika" nayo ina kesi yake? Sahani iliyoieneza ni ya Fadhili William, kijana wa Taita, aliyeirekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na lebo ya Equator ya Charles Worrod ikaisambaza. Jina lake ndilo lililosajiliwa kama mtunzi. Mzee Adam Salim naye alishikilia hadi uzeeni kwamba aliitunga yeye katika miaka ya 1940, kwa ajili ya msichana aliyemkosa kwa sababu ya mahari. Mabishano hayo hayakuisha. Wimbo wenyewe ulikwenda zake: Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauimba pamoja mwaka 1965, Boney M. wakautoa kwenye santuri ndogo mwaka 1981. Mkusanyaji wa "Malaika" anaweza kujaza rafu nzima kwa wimbo mmoja, na kila lebo asome majina ya watunzi kwa makini, kwa kuwa hayafanani.

Je, wajua kwamba Daudi Kabaka, yule wa twist ya Kiafrika, alifika kwenye chati ya Uingereza bila kupanda ndege? Mwaka 1968 kundi la The Tremeloes lilirekodi "Helule Helule" yake, ikapanda hadi nafasi ya 14. Vijana wa London waliicheza bila kujua Nairobi iko upande gani.

Kabaka na Fadhili walikuwa nyumba moja: bendi ya studio ya Equator. Humo walikuwemo pia Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi, na Gabriel Omolo, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitoa "Lunch Time", wimbo unaomtazama mfanyakazi wa mjini saa ya chakula cha mchana: mwenye nazo anakwenda hotelini, asiye nazo anajilaza kwenye nyasi za bustani hadi kengele ya kazi irudi. Ukitaka kuijua Nairobi ya wakati ule, sahani hiyo ndogo inakutosha kuliko vitabu vingi.

Je, wajua kwa nini santuri zetu nyingi zina wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili? Tazama lebo: jina la wimbo, kisha sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Sahani ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika inabeba dakika tatu au nne hivi kwa raha. Ukizidisha, mifereji inabanana na sauti inanywea. Sasa muziki wa dansi wa Kongo na wa kwetu haupatani na dakika tatu. Kuna kisa kwanza, taratibu, mwimbaji anamweleza mpenzi au mlimwengu yaliyomsibu. Halafu magitaa yanapanda, chemko linaanza, na hapo watu hawaketi tena. Wazalishaji wakakata palepale pa kufaa: kisa upande wa A, chemko upande wa B. Mwenye baa alijua akifika upande upi chupa zitaanza kutoka kwa wingi. Nasema bila kusita kwamba mpangilio huo ulizaa sanaa yake, kwa maana mtunzi alijua msikilizaji atasimama, ataigeuza sahani, kisha atarudi uwanjani, naye akatunga akiwa na pumzi hiyo kichwani.

Je, wajua kwamba bendi za Tanzania zilipata santuri zao kupitia Nairobi? Dar es Salaam ilikuwa na Radio Tanzania, iliyorekodi bendi kwa bidii ya ajabu, na kanda zake ni hazina ya taifa. Lakini mitambo ya kufyatua santuri ilikuwa Kenya, na lebo nazo zilikuwa huko. Mwezi Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Kwa mwanamuziki, huo ulikuwa ukuta kati yake na kiwanda. Wengine walikwishavuka mapema: akina Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakafika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Simba Wanyika yao. Ndani ya Simba Wanyika ikachomoka Les Wanyika mwaka 1978, na "Sina Makosa" ikafuata. Mpaka ukiwa umefungwa, Kiswahili cha Tanga ndicho kilichokuwa kikichezwa usiku kucha Nairobi.

Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Tanzania, ni habari nyingine, na moyo wangu uko kwake. Alikwenda Osaka, Japani, na Morogoro Jazz mwaka 1970 kuiwakilisha Tanzania kwenye maonesho ya dunia, akaunda bendi ya Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Je, wajua kwamba baada ya kifo chake nyimbo zake zilizokuwa zimetawanyika kwenye santuri ndogo zilikusanywa kwenye sahani kubwa zilizoitwa "Ukumbusho"? Ukiziona popote, chukua. Ila ukiikuta "Shida" kwenye sahani ndogo yenye mikwaruzo, usiiache kwa sababu tu unayo sahani kubwa. Gitaa lake kwenye santuri ndogo linasikika karibu zaidi, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha jirani, na mikwaruzo haiwezi kuliondoa.

Je, wajua kwamba moja ya vituo muhimu vya santuri Kenya ulikuwa mji wa majani ya chai? Kericho. Watu wa duka la Chandarana walirekodi huko muziki wa Wakipsigis, benga ya Wajaluo na wengineo, wakauza dukani na kusambaza kote. Mombasa nayo ilikuwa na Assanand na lebo ya Mzuri, makimbilio ya taarabu ya pwani.

Je, wajua kwamba Zimbabwe benga inaitwa kanindo? Jina hilo limetoka kwenye santuri. Phares Oluoch Kanindo, mzalishaji Mkenya ambaye baadaye aliingia bungeni, alichapa jina lake kwenye lebo, sahani zikateremka kusini, na wasikilizaji wa huko wakauita muziki kwa jina walilolisoma katikati ya sahani. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa muuza santuri.

Je, wajua kwamba wapigaji wakubwa wa gitaa kavu wa Katanga walifika Nairobi kutangaza bidhaa? Jean Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi "Masanga" huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, aliletwa Kenya mwaka 1959 na watu wa vidonge vya Aspro. Binamu yake, Edouard Masengo, aliimbia Coca-Cola. Kiswahili chao cha migodini kikaingia kwenye masikio ya wapigaji wa Kenya, na vidole vyao vikaigwa hadi vijijini. Nyingi za sahani zao ni zile nzito za mizunguko 78, na zinavunjika ukizitupia jicho baya.

Na kabla ya hao? Machi 1928, Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya lebo ya His Master's Voice. Hakukuwa na studio karibu. Ilikuwa rahisi kuwapeleka waimbaji ng'ambo ya bahari kuliko kuleta mitambo. Mwanamke mzaliwa wa Fumba, mtoto wa mtumwa, sauti yake ikarudi Unguja ndani ya masanduku, ikauzwa mwambao mzima hadi bara.

Je, wajua kwamba uhuru wa Kongo ulitangulia kuchezwa kabla ya kutiwa saini? Januari 1960, viongozi wa Kongo wakiwa Brussels kwenye mkutano wa meza duara, Joseph Kabasele na African Jazz yake walikuwa huko huko wakitumbuiza. "Indépendance Cha Cha" ilipigwa palepale, ikiwataja viongozi kwa majina. Uhuru wenyewe ulifika tarehe 30 Juni. Wakati huo watu wa nchi nyingi za Afrika walikuwa wamekwisha kuicheza redioni, hata wasiojua Kilingala, wakaifanya yao.

Sasa tuvuke bahari, hadi Uingereza na Marekani.

Je, wajua kwamba santuri ya kwanza ya Freddie Mercury nje ya bendi yake haina jina lake? Mzaliwa huyu wa Zanzibar, Farrokh Bulsara, alitolewa mwaka 1973 kama "Larry Lurex", akiimba "I Can Hear Music". Sahani haikuuzika. Leo wakusanyaji wanaitafuta kwa tochi. Na miaka miwili baadaye, kampuni ilipohofia kwamba "Bohemian Rhapsody" ni ndefu mno kwa santuri ndogo, karibu dakika sita, rafiki yake Kenny Everett aliipiga mara 14 katika mwisho wa juma mmoja kwenye Capital Radio ya London. Mabishano yakaisha. Mwaka 1978 EMI ikafyatua nakala 200 tu za wimbo huo kwa vinili ya buluu, kusherehekea tuzo ya mauzo ya nje. Hizo 200 zinajuana kwa namba.

Je, wajua kwamba mzaliwa wa Nairobi, Roger Whittaker, alipata kibao chake kikubwa kutoka kwa fundi wa fedha? Mwaka 1971 alikuwa na kipindi cha redio Birmingham na akawaomba wasikilizaji wamtumie mashairi ayatie sauti. Ron Webster, mfua fedha, akatuma "The Last Farewell". Wimbo ukakaa kimya hadi 1975, ulipoanza kupigwa na redio moja ya Atlanta, Marekani. Kisha ukarudi Uingereza na kufika nafasi ya pili.

Zile za bei ya nyumba? Kwa ufupi. Mwaka 1958 vijana wa Liverpool walioitwa The Quarrymen walilipia sahani moja tu irekodiwe. Watatu kati yao wakaja kuwa Beatles, na sahani hiyo anayo Paul McCartney. Mwaka 1977 kampuni ya A&M iliwatia Sex Pistols mkataba, ikawafukuza ndani ya wiki, ikaharibu karibu santuri 25,000 za "God Save the Queen"; chache zilizonusurika ndizo zinazopiganiwa. Mwaka 2009, nakala ya "Do I Love You" ya Frank Wilson, iliyofyatuliwa 1965 kisha ikazuiwa, iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000. Bei hizo zinavutia magazeti. Mimi zinanichosha. Santuri isiyopigwa kwa kuogopewa thamani yake imekwisha kunyamazishwa.

Je, wajua kwamba sahani za kwanza za mizunguko 45, zilizotolewa na RCA Victor Marekani mwaka 1949, zilikuwa na rangi kwa aina ya muziki? Kijani kwa nyimbo za mashambani, nyekundu kwa muziki wa kale wa Ulaya, njano kwa watoto. Tundu pana la katikati, karibu sentimita 4, liliwekwa ili sahani zipangwe juu ya mhimili mnene na zidondoke moja baada ya nyingine bila mtu kuinuka.

Je, wajua kwamba mafundi walituma salamu ndani ya sahani? Inamishe santuri kwenye mwanga uone ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Kuna namba zilizochongwa: ndizo zinazomwambia mkusanyaji kama sahani ni ya toleo la kwanza au ya baadaye. Wakati mwingine kuna maneno. George Peckham, mchongaji wa Kiingereza, alizoea kuacha alama yake, "A Porky Prime Cut", na wengine waliacha utani au jina la mpenzi.

Na mwenye santuri naye aliandika. Ninayo moja niliyoinunua kutoka kwenye rundo la sokoni, lebo imepauka, na juu yake, kwa kalamu ya wino wa buluu, mtu ameandika jina lake la kwanza, namba ya sanduku la posta, na neno "Isiazimwe". Santuri ziliazimwa kwa ajili ya harusi na sikukuu, na nyingine hazikurudi. Pembeni mwa lebo kuna mikwaruzo mifupi inayozunguka tundu, alama ya kuitafuta ncha ya mhimili gizani. Upande wa chemko umechakaa zaidi ya upande wa kisa. Huyo bwana alikuwa mchezaji.

Je, wajua jinsi ya kuiua santuri upesi? Iache santuri ya vinili kwenye kiti cha gari juani. Itapinda kama chapati. Na ukizilaza sahani moja juu ya nyingine, za chini zinaumia. Zisimamishe wima kama vitabu, kila moja na mfuko wake. Sindano butu nayo inakula mifereji kila inapopita, na kilicholiwa hakirudi.

La mwisho ni la kuokoa mali. Sahani za zamani za mizunguko 78 nyingi zilitengenezwa kwa lakiri, utomvu wa wadudu wadogo wa Asia, uliochanganywa na unga wa mawe. Lakiri inayeyuka kwa spiriti. Watu wamefuta urithi wa babu zao kwa pamba na spiriti ya duka la dawa, wakaona weusi unahamia kwenye pamba na wakadhani ni uchafu. Kwa hiyo pima kwanza: sahani ikiwa nzito, ngumu, haina mpindo hata kidogo ukiishika, na ukiigonga kwa ukucha inalia kama kigae, ichukulie kuwa ni lakiri. Maji kidogo ya uvuguvugu na tone la sabuni, kitambaa laini, fuata mzunguko wa mifereji, usiloweshe lebo, kisha isimamishe kivulini ikauke.